Sainasi: Nani wa Kumwona, na Lini

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Vipo makundi manne kila upande: mashavuni, kwenye paji la uso, kati ya macho na pua, na nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Vyote vimetandazwa utando laini unaotoa ute, na ute huo hutoka kupitia vitundu vyembamba kuingia puani. Chumba cha shavuni ndicho chenye taabu zaidi, kwa sababu tundu lake liko juu, karibu na dari. Ute hauwezi kudondoka wenyewe. Husukumwa kupanda na vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Utando ukivimba, tundu huziba, ute hutuama, na uso huanza kuuma hasa mtu anapoinama.

Kinachovimbisha utando mara nyingi ni virusi vya mafua ya kawaida. Kwa watu wazima, ni mafua 2 tu kati ya 100, au pungufu ya hapo, yanayoishia kwenye maambukizi ya bakteria. Kwa hiyo katika wiki ya kwanza hakuna bingwa wa kutafutwa: inatosha kupumzika, kumeza dawa ya maumivu na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Lakini kamasi zikigeuka kijani, wengi hukimbilia duka la dawa na kuagiza amoksilini kama wanavyoagiza sukari. Rangi hiyo hutokana na chembe za kinga za mwili na haithibitishi kwamba kuna bakteria. Dawa za matone za kuzibua pua nazo zina mtego wake: zikitumiwa zaidi ya siku 5 hivi, pua huziba upya kwa sababu ya dawa yenyewe.

Tabibu au daktari wa kawaida, wa zahanati au kituo cha afya, ndiye wa kuonwa ikiwa siku 10 zimepita bila nafuu, au mgonjwa alipata nafuu kisha hali ikageuka kuwa mbaya, au ana homa ya nyuzi 39 na usaha puani kwa siku 3 mfululizo. Huyo ndiye wa kuamua kama antibiotiki inahitajika. Katika maeneo yenye malaria, homa na kichwa kuuma visisukumiwe sainasi kabla ya kipimo.

Wapo pia wagonjwa wanaohangaika na "sainasi" miaka mingi ilhali pua zao ni nzima. Kichwa kinachogonga upande mmoja, kichefuchefu, kushindwa kuvumilia mwanga: hicho ni kipandauso, na tiba yake ni nyingine kabisa. Anayepiga chafya mfululizo, pua na macho yakimwasha, kamasi zikiwa nyepesi kama maji, ana mzio.

Daktari wa meno husahaulika mno. Mizizi ya magego ya juu imepakana na sakafu ya chumba cha shavuni, hivyo jino lililooza linaweza kupitisha usaha hadi humo. Dalili yake ni uchafu wenye harufu mbaya unaotoka tundu moja tu la pua. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa pekee, jino likaachwa, ugonjwa hurudi. Kwa mtoto mdogo, dalili hiyohiyo humaanisha jambo jingine: mara nyingi kuna shanga au punje ya hindi iliyosukumwa puani, na anayestahili kuitoa ni mtaalamu, si mama mwenye kibano.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo huhitajika tatizo likizidi wiki 12, likijirudia mara kwa mara, harufu zikipotea, nyama zikiota puani, au damu ikitoka upande mmoja bila sababu. Kwa kawaida hupatikana hospitali za rufaa, kama Muhimbili kwa Tanzania au Kenyatta kwa Kenya. Huingiza kamera nyembamba puani, na akiona haja huagiza picha ya CT. Eksirei ya kawaida huonyesha machache. Wengi huishia kwenye dawa ya kupuliza ya steroidi, inayotaka subira ya wiki kadhaa. Upasuaji wa leo hupitia puani kwa kamera, njia iliyotokana na kazi ya Walter Messerklinger wa Graz, Austria. Zamani chumba cha shavuni kilifunguliwa kwa kukata ufizi.

Foleni ya rufaa haihusu kila mtu. Jicho lililovimba au kutokeza, kuona vitu viwiliviwili, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, au doa jeusi puani au kwenye kaakaa kwa mwenye kisukari: hizo ni dalili kwamba maambukizi yanaelekea kwenye jicho au ubongo. Mgonjwa huyo apelekwe idara ya dharura usiku huohuo, asisubiri siku ya kliniki.