Salum Abdallah na Cuban Marimba

Salum Abdallah (1928–1965) alikuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki wa dansi kutoka Morogoro, Tanzania, na kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba. Mwaka 1948 alianzisha La Paloma, kikundi kilichokuja kuzaa bendi hiyo. Mahadhi yake yalitokana na rumba na cha-cha-cha za Kuba, zilizofika Afrika Mashariki kwa santuri. Juu ya mahadhi hayo aliimba kwa Kiswahili sanifu, kwa sauti laini, akisifu mapenzi na, uhuru ulipokaribia, taifa. "Shemeji Shemeji" na "Wanawake Tanzania" ni miongoni mwa nyimbo zake zinazojulikana zaidi.

Kazi zake hazikutungwa kama albamu. Cuban Marimba ilitoa wimbo mmoja kwa kila upande wa santuri ndogo, hivyo utangulizi, ubeti, kiitikio na gitaa vilibanwa katika dakika takriban tatu. Ubanaji huo ndio nguvu ya nyimbo hizo.

Salum alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akashika uongozi wa bendi. Albamu *Ngoma Iko Huku*, iliyotolewa na Dizim Records ya Ujerumani, imekusanya rekodi za 1955 hadi 1965.