Hitilafu Iliyoonekana Taa Ilipozimwa

Leo naweka kando mambo ya programu, tuzungumzie jani. Lakini hatutaenda mbali sana, kwani kisa chenyewe ni cha kusaka hitilafu.

Shuleni tulifundishwa kwamba jani likipata mwanga huvuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Ili kupima, jani hufungiwa ndani ya kisanduku kinachopitisha mwanga, kisha hewa yake hupitishwa kwenye kifaa chenye miale ya infraredi. Hewa ya ukaa hufyonza miale hiyo, kwa hiyo kiasi chake hujulikana. Shida ni kwamba unapata namba moja tu: iliyoingia ukitoa iliyotoka.

Dalili zilikuwapo. Mwaka 1920 Otto Warburg wa Ujerumani aliona kwamba oksijeni nyingi hupunguza usanisinuru wa mwani. Kisha mwaka 1955 Mmarekani John Decker alizima taa huku akiendelea kupima. Kwa muda mfupi majani yalitoa hewa ya ukaa kwa kasi, halafu yakatulia. Decker akaamua kwamba upumuaji huo ulikuwapo hata taa ikiwaka, ila usanisinuru uliufunika.

Chanzo kilipatikana mwaka 1971. Bowes, Ogren na Hageman, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walionyesha kwamba rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, hunasa oksijeni pia. Kwa kila molekuli mbili za oksijeni zinazonaswa hivyo, jani hupoteza moja ya ukaa.

Mwaka 1980 Farquhar, von Caemmerer na Berry waliyaweka haya katika milinganyo michache. Niliiandika katika programu ndogo. Nikipandisha joto, hasara inaongezeka.

Hasara hiyo inatuhusu mezani. Maharagwe, ngano na mpunga huipata. Mahindi na miwa huikwepa sana kwa kulimbikiza hewa ya ukaa karibu na rubisko. Mwaka 2019 watafiti wa Illinois waliripoti tumbaku iliyopewa njia fupi ya kushughulikia zao la kosa hilo. Shambani ilikua kwa takriban asilimia 40 zaidi.

Nami nimejifunza: jumla ikionekana sawa, usiiamini upesi. Zima kitu kimoja, uangalie kinachofuata.

Wewe je, hitilafu gani ilikufichama ndani ya jumla? Karibuni tujadiliane.