SEHEMU YA 4: Sumaku na titi la mama kijana

Tuendelee.

Dada mmoja kaniuliza inboksi: "Nesi, mama na mama mdogo wote waliugua saratani ya titi. Nina miaka 34, mamogramu imesema niko salama. Nitulie?" Dada, swali lako liliwasumbua madaktari miaka mingi. Ngoja nikujibu kwa historia.

Mamogramu ni picha ya eksirei. Humo mafuta huonekana meusi, tezi za maziwa nyeupe, na uvimbe nao mweupe. Sisi vijana wengi wetu matiti yamejaa tezi, na anayenyonyesha ndo zaidi. Kutafuta uvimbe humo ni kama kutafuta punje ya mchele kwenye unga wa sembe.

Mwaka 1971 daktari Raymond Damadian wa New York alionesha kwamba uvimbe wa saratani wa panya, ukipimwa kwa sumaku, hutoa ishara tofauti na nyama nzima. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, naye wa Marekani, akageuza ishara hizo kuwa picha. Ndo mwanzo wa MRI. Haina mionzi ya eksirei, lakini subira ilihitajika: mwaka 1977 Damadian alipompima msaidizi wake kifua, picha moja ilichukua karibu saa 5!

Kwa titi, bado uvimbe na nyama nzima vilifanana. Katikati ya miaka ya 1980, Sylvia Heywang na wenzake huko Ujerumani wakajaribu kuchoma kwenye mshipa dawa yenye madini ya gadolini. Saratani hujitengenezea mishipa mingi ya damu, tena inayovuja. Dawa ikakimbilia huko, uvimbe ukang'aa.

Je, nani apimwe? Mwaka 1994 na 1995 jeni za BRCA1 na BRCA2 zikatambuliwa, zile ambazo zikiwa na hitilafu saratani hutembea kwenye ukoo. Uholanzi wakafuatilia wanawake 1,909 wa familia za namna hiyo. Majibu yalitoka 2004: kwa saratani zilizoanza kupenya, mikono ya daktari iligundua asilimia 18, mamogramu 33, MRI karibu 80.

Ila msiitupe mamogramu. Saratani changa kabisa, iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa, mamogramu ndo iliiona zaidi. Na MRI ilishtua wengi bure, wakachukuliwa kinyama cha kupima kumbe hawana kitu. Ndo maana mwaka 2007 Shirika la Saratani la Marekani lilishauri MRI ya kila mwaka, pamoja na mamogramu, kwa wenye hatari kubwa tu. Siyo kila mama.

Kwa hiyo dada yangu, usitulie, wala usihangaike. Leo chukua daftari, muulize bibi: nani aliugua, akiwa na miaka mingapi? Upande wa baba pia, maana jeni hizi hata baba hurithisha. Peleka daftari hilo kwa daktari.

Nawe unayenyonyesha, uvimbe usioondoka usikubali kuambiwa "ni maziwa tu" bila kupimwa. Kuchunguzwa kwa mkono na ultrasaundi hakusubiri MRI.

Maswali wekeni hapo chini. Nesi wenu nipo.