Matuta ya Jozani

Barabara ya lami ni neema, wala sina ubishi na hilo. Lakini kila neema ina haki yake, na historia ya barabara ipitayo kando ya msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, hunikumbusha haki hiyo.

Humo huishi kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake. Mwaka 1996 barabara ile ilitiwa lami. Magari yakaongeza mwendo. Kima wakaendelea kuvuka kama walivyozoea, kufuata majani upande wa pili. Ilikisiwa kwamba kima mmoja aligongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yalipowekwa matuta manne, vifo vilipungua hadi kima mmoja kwa kadiri ya wiki sita.

Naona fundisho hapo. Tuta limefanya kazi ambayo mawaidha peke yake yasingeiweza. Hata hivyo halikuimaliza, kwani baina ya tuta na tuta dereva hubaki na mguu wake na dhamiri yake.

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kima zaidi ya 5,800. Wako watakaosema ni wengi. Mimi nasema kisiwa hakina ujirani: wakiisha hapa, hakuna pa kwenda kuwaazima. Dakika tunazookoa kwa mwendo wa kasi hazilipi deni hilo.