Uchaguzi wa hisabati katika Kidato cha Tano (Tanzania)

Hadi Kidato cha Nne, hisabati ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania. Kidato cha Tano ndipo njia zinapoachana. Hata hapo mwanafunzi hachagui hisabati peke yake: huchagua tahasusi, yaani kundi la masomo matatu makuu, na hisabati huja nayo. Anayesoma PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) hupata hisabati ya juu, ambayo wanafunzi huiita Advance. Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) au HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) hupata hisabati tumizi ya msingi, maarufu kama BAM, ambayo ni somo la nyongeza. Wa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) huagana na hisabati kabisa. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, na mgawanyo huu ukapata matawi mengi zaidi, lakini swali la msingi ni lile lile: hisabati ya juu, BAM, au hakuna.

Masomo haya mawili yanagusana katika mada kadhaa, zikiwemo fonksheni, takwimu, uwezekano na kalkulasi. Tofauti iko kwenye kina. Chukua bati la mraba lenye upande wa sentimita 30. Fundi anakata vipande vya mraba kwenye pembe nne, kisha anakunja kingo ili apate sanduku lisilo na mfuniko. Akate vipande vya ukubwa gani ili sanduku libebe ujazo mkubwa kuliko yote? Mwanafunzi wa BAM huandika ujazo kuwa x(30 − 2x)², x ikiwa upande wa kipande kinachokatwa, hutafuta kasi ya badiliko lake (derivative), hulisawazisha na sifuri, na kupata x = 5, yaani ujazo wa sentimita 2,000 za ujazo. Kanuni anayoitumia amepewa. Mwenzake wa hisabati ya juu hutakiwa pia kuithibitisha kanuni hiyo kuanzia mwanzo, kisha aendelee hadi milinganyo tofautishi (differential equations), namba changamano, vekta na mantiki. Mtihani wake wa taifa una karatasi mbili za saa tatu kila moja. Wa BAM una karatasi moja.

Jambo linalopotosha wengi ni pointi. Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga daraja la Kidato cha Sita kwa masomo makuu matatu: A ni pointi 1, F ni pointi 7, na Daraja la Kwanza ni kuanzia pointi 3 hadi 9. BAM haimo katika hesabu hiyo. Matokeo yake, katika shule nyingi vipindi vyake hugeuzwa muda wa kujisomea Biolojia au Kemia, na wanafunzi huingia chumba cha mtihani wakiwa wameshakubali kufeli. Huu ni uamuzi mbaya, na walimu wanaouachia wanawanyima vijana haki yao. Udaktari huangalia Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa hiyo mwanafunzi wa PCB anaweza kuamini kwamba BAM haimhusu. Lakini nafasi za udaktari ni chache, na wengi hulazimika kutazama kozi nyingine. Vigezo vya kozi kadhaa za biashara na uchumi humtaka mwombaji asiye na ufaulu wa hisabati ya juu awe na angalau ufaulu wa BAM, au wa hisabati ya Kidato cha Nne. Somo lililodharauliwa miaka miwili humrudia kwenye fomu ya maombi.

Kwa anayetaka uhandisi hakuna mjadala: hisabati ya juu na Fizikia ndizo nguzo. Anayependa uchumi ndiye anayehitaji kufikiri zaidi, kwa sababu EGM, ECA na HGE zote zina Uchumi ndani yake, ila ni EGM pekee inayompa hisabati ya kutosha kusoma nadharia ya uchumi bila kuhangaika chuoni.

Machaguo hujazwa kwenye fomu mwanafunzi akiwa Kidato cha Nne, kabla hajajua alama zake. Baada ya matokeo, TAMISEMI (ofisi ya serikali ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) hufungua mfumo wake kwa muda ili wanafunzi wabadilishe machaguo. Muda huo ni wa thamani, hasa kwa aliyejaza PCM kwa matumaini akapata D ya hisabati, na kwa aliyeogopa akajaza HGL kisha akapata B.

Kenya nayo imekumbana na swali la nani asome hisabati. Mtaala wake wa umilisi ulikusudia awali kuifanya hisabati ya sekondari ya juu kuwa ya hiari nje ya mkondo wa sayansi. Baada ya malalamiko ya umma, serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba kila mwanafunzi ataisoma: ya kina kwa mkondo wa sayansi, nyepesi zaidi kwa mikondo mingine.

Tukirudi Tanzania, anayetaka kuhama kutoka PCB kwenda PCM baada ya kuripoti shuleni huhitaji ruhusa ya mkuu wa shule na nafasi darasani. Afanye hivyo katika wiki za mwanzo. Mada za hisabati ya juu hujengana, na anayechelewa hukuta wenzake wameshavuka fonksheni.