Dungu la shambani: namna ya kulikaza lisiangushwe na upepo

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima hukaa kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, ngedere na ndege. Katika bonde la Mto Rufiji, wakulima hulala humo mpunga unapokaribia kukomaa. Lakini majira hayo ndiyo upepo wa kusi unapoanza kushika kasi, na mara chache huja kibaya zaidi: kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania mapema Mei 2024.

Kwa nini dungu huanguka?

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Dungu nalo liko juu, mahali pa wazi, bila kinga. Huanguka kwa njia tatu: nguzo hung'oka kwa sababu shimo ni fupi au mchwa wamezila usawa wa ardhi, nguzo hulala upande mmoja kwa kukosa miti ya mshazari, au paa hunyanyuliwa na upepo unaoingia kwa chini.

Namna ya kulikaza

Nguzo: Kwa dungu la mita 3, chimba shimo la karibu mita 1, hasa kwenye udongo laini wa bondeni. Rudishia udongo kidogo kidogo huku ukishindilia. Miguu ikitanuka kidogo kwa chini, dungu hutulia zaidi.

Miti ya mshazari: Kila upande funga miti miwili inayopishana kama alama ya kuzidisha, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine.

Kamba za pembeni: Kutoka kila pembe ya juu, vuta kamba imara au waya hadi kwenye kigingi kilicho mbali na dungu. Kichwa cha kigingi kielekee nje, si upande wa dungu, la sivyo kitachomoka. Kaza upya kila baada ya mvua kubwa, maana udongo uliolowa hulegea.

Paa: Funga mapaa kwenye nguzo zenyewe, si kwenye fito tu. Usiweke mawe juu ya paa. Yakidondoka yatamwangukia aliyelala.

Turubai na majamvi: Haya hushika upepo kama tanga la jahazi. Yafunge kwa namna ya kufunguka upesi, uyatoe mara upepo unapoanza kuvuma.

Kagua nguzo kila msimu. Chokonoa kwa kisu usawa wa ardhi. Kisu kikizama kwa urahisi, badilisha nguzo hiyo kabla hujapanda.

Wakati wa kushuka

Hakuna dungu la miti linaloaminika mbele ya kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa tahadhari ya upepo mkali kwa eneo lako, usilale juu. Radi nayo ni sababu tosha ya kuondoka, kwa kuwa katika shamba la wazi dungu huwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote. Usijifiche chini yake wala chini ya mti; nenda kwenye nyumba imara.

Ni kweli nguruwe hawasubiri upepo utulie, na usiku mmoja unatosha kumaliza jaruba zima. Hata hivyo mpunga hupandwa tena msimu ujao. Watoto ndio washushwe kwanza.