Mrija wa Neva na Kasoro Zake

Mrija wa neva ni umbo la awali katika kiinitete ambamo ubongo na ugwe wa mgongo hutokea, kwa binadamu na kwa wanyama wengine wote wenye uti wa mgongo. Kwa binadamu huanza kuundwa katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, na hufungika kabisa ifikapo siku ya 28. Sehemu yake yoyote ikibaki wazi, mtoto hupata mojawapo ya kasoro za mrija wa neva. Inayofahamika zaidi ni mgongo wazi, kitabibu spina bifida. Kasoro hizi ni miongoni mwa chache za kuzaliwa ambazo nyingi huzuilika, tena kwa kinga ya bei ndogo: asidi ya foliki, vitamini ya kundi B. Ugumu uko kwenye wakati. Siku ya 28 mama huwa amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu, na wengi bado hawajatambua kwamba wana mimba.

Kuundwa kwa mrija

Mwishoni mwa wiki ya pili kiinitete ni kisahani cha tabaka mbili za seli. Katika wiki ya tatu tabaka huwa tatu: ektoderma juu, mesoderma katikati na endoderma chini. Ngozi na mfumo wa neva hutokana na tabaka moja, ektoderma. Ndiyo sababu kasoro ya ugwe iliyofichika mara nyingi huonyesha alama juu ya ngozi ya mgongo, kama vile kishungi cha nywele, kibonyeo au uvimbe wa mafuta.

Katika mesoderma hutokea ufito mwembamba wa seli uitwao notokodi. Ektoderma iliyo juu yake hunenepa na kuwa bamba la neva, yapata siku ya 18. Ektoderma ina mwelekeo wa kuwa neva. Kinachoigeuza kuwa ngozi ni protini za kundi la BMP. Seli zinazozaa notokodi hutoa protini nyingine zinazozuia BMP, hivyo eneo la katikati hubaki kuwa la neva.

Msingi wa elimu hii uliwekwa Freiburg, Ujerumani, na Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold. Mangold alikata kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda na kukipandikiza kwenye kiinitete cha salamanda wa aina nyingine, mwenye rangi tofauti. Mwenyeji akaota mrija wa neva wa pili, na sehemu kubwa ya mrija huo ilikuwa ya seli zake mwenyewe. Maana yake kipande kile hakikukua tu, bali kiliziamuru seli jirani ziwe nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924, mwaka uleule Mangold alipofariki kwa ajali ya moto akiwa na umri wa miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Baada ya bamba kuundwa, kingo zake mbili huinuka, katikati hubonyea, na kingo hujikunja kuelekeana kama jani la mgomba linavyojikunja juani. Hukutana kwanza siku ya 22 hivi, mahali patakapokuwa shingo, kisha huendelea kuungana kuelekea kichwani na kuelekea mkiani. Tundu la mbele huziba karibu na siku ya 25, la nyuma siku ya 27 au 28. Kiinitete kizima wakati huo kina urefu wa takriban milimita 4. Ncha ya chini kabisa ya ugwe huundwa kwa njia nyingine: fungu la seli hupata uwazi katikati, kisha huungana na mrija.

Sehemu ya mbele ya mrija huvimba na kufanya vifuko vitatu, yaani ubongo wa mbele, wa kati na wa nyuma, ambavyo katika wiki ya tano huwa vitano. Uwazi wa ndani ya mrija haupotei. Hubaki kuwa vyumba vya ubongo na mfereji mwembamba wa ugwe, vyenye majimaji ya ubongo.

Mikunjo inapoungana, seli za ukingoni hujitenga na kuhama. Wilhelm His aliziona katika kiinitete cha kuku mwaka 1868. Seli hizi za ukingo wa neva huzaa neva za hisi za mwilini, seli za rangi ya ngozi, kiini cha tezi za adrenali, sehemu ya mifupa ya uso na neva za utumbo. Zisipofika mwisho wa utumbo mpana, mtoto hupata ugonjwa wa Hirschsprung na hushindwa kupata choo.

Aina za kasoro

Anensefali hutokea tundu la mbele lisipoziba. Paa la fuvu na sehemu kubwa ya ubongo hukosekana; mtoto huzaliwa mfu au hufariki ndani ya saa au siku chache. Ensefaloseli ni fuko linalotokeza nje kupitia uwazi wa fuvu, mara nyingi kisogoni. Kraniorakiskisi, ambapo karibu mrija wote hubaki wazi, ni nadra na haina tiba.

Mgongo wazi una ngazi tatu. Ya kwanza ni ile iliyojificha: pingili hazikukutana nyuma lakini ugwe uko salama, na wengi huishi maisha yao yote bila kujua. Ya pili ni meningoseli, fuko la utando na majimaji pasipo ugwe ndani yake. Ya tatu, iliyo nzito na inayopeleka watoto wengi hospitalini, ni mielomeningoseli, ambapo ugwe wenyewe na neva zake hutokeza nje, aghalabu kiunoni au chini yake. Hapo miguu hupooza kwa kiasi kinachotegemea mahali kilipo kidonda: kikiwa juu, ulemavu huwa mkubwa, kikiwa chini kabisa, mtoto huweza kutembea kwa msaada mdogo. Kibofu na utumbo mkubwa karibu daima huathirika, na baadhi ya watoto huzaliwa na nyayo zilizopinda.

Wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa. Majimaji yanapovuja mgongoni, ubongo wa nyuma hushuka na kukwama kwenye tundu la chini ya fuvu, hali iliyoelezwa na Hans Chiari mwaka 1891. Njia ya majimaji huzibika, vyumba vya ubongo hutanuka na fuvu la mtoto, ambalo bado halijaungana, hupanuka.

Inakadiriwa kuwa duniani mimba kati ya 260,000 na 300,000 kwa mwaka huathiriwa na kasoro hizi. Mama aliyepata mtoto mmoja mwenye kasoro ana uwezekano wa asilimia 2 hadi 5 wa kupata mwingine.

Visababishi

Hakuna kisababishi kimoja. Kuna mchango wa urithi, lakini jeni peke yake huwa haitoshi. Upungufu wa foliki ndio unaojulikana vizuri zaidi, kwa kuwa seli zinazogawanyika kwa kasi huhitaji foliki kutengeneza DNA. Vingine ni kisukari cha mama kisichodhibitiwa, unene uliokithiri na homa kali mwanzoni mwa mimba.

Dawa ya kifafa iitwayo valproati huongeza hatari ya mgongo wazi hadi asilimia 1 au 2. Uhusiano huo uligunduliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1982. Dolutegravir, dawa iliyomo katika kidonge cha TLD cha kufubaza VVU, ilitiliwa shaka mwaka 2018 baada ya kasoro 4 kuonekana katika vizazi 426 nchini Botswana. Takwimu zilipoongezeka kiwango kilishuka, na tofauti na dawa nyingine ikatoweka.

Sumu ya ukungu wa mahindi, fumonisini, inashukiwa pia. Mwaka 1990 na 1991 anensefali iliongezeka ghafla katika eneo la Brownsville, Texas, mpakani mwa Meksiko, ambako mikate ya mahindi huliwa kila siku. Katika panya sumu hiyo imethibitishwa kuharibu mrija wa neva. Kwa binadamu ushahidi bado ni wa kuashiria.

Historia ya asidi ya foliki

Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkali wa damu uliowapata wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Mwaka 1931 aliripoti kwamba Marmite, mchuzi mzito wa hamira ambao ni chakula cha kawaida Uingereza, uliwaponya. Kirutubishi chenyewe kilitengwa mwaka 1941 kutoka katika majani ya spinachi na kikaitwa asidi ya foliki.

Mwaka 1965 Elizabeth Hibbard na Richard Smithells wa Liverpool waliandika kwamba mama waliozaa watoto wenye kasoro za mfumo wa neva walikuwa na hitilafu ya foliki mwilini mara nyingi kuliko wengine. Smithells alitaka kuwagawa wanawake kwa kura, baadhi wapewe vitamini na baadhi vidonge visivyo na dawa, lakini kamati za maadili zilimkatalia. Alilazimika kuwalinganisha walioitumia na wale waliokuwa tayari na mimba au waliokataa. Matokeo yake ya mwaka 1980 yalionyesha kinga kubwa, na wakosoaji wakayapinga kwa sababu hiyohiyo: hapakuwa na kura.

Ubishi huo ulidumu karibu muongo mzima. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianzisha utafiti wa kura katika vituo 33 vya nchi 7, ukiongozwa na Nicholas Wald, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro. Ulisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1991 kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Kati ya watoto 27 waliopatwa na kasoro, 6 walikuwa wa mama waliotumia asidi ya foliki na 21 wa mama ambao hawakuitumia, sawa na kinga ya asilimia 72. Mwaka uliofuata Andrew Czeizel wa Hungaria alionyesha kwamba kinga hupatikana hata kwa mama ambao hawajawahi kupata mtoto wa aina hiyo.

Tangu hapo pendekezo ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi mwisho wa wiki ya 12. Aliyekwisha kupata mtoto mwenye kasoro hupewa miligramu 4 au 5. Lakini mimba nyingi hazipangwi, na ushauri wa kumeza vidonge kabla ya mimba uliwafikia wachache. Marekani ilichukua njia nyingine: kuanzia Januari 1998 unga wa nafaka wa viwandani uliorutubishwa ulilazimika kuwa na asidi ya foliki. Kanada ilifanya vivyo hivyo mwaka huohuo, na kasoro zikapungua kwa asilimia 46 katika majimbo yaliyochunguzwa. Afrika Kusini ilianza mwaka 2003 kwa unga wa ngano na wa mahindi, na kupungua kulikoripotiwa ni karibu asilimia 30. Uingereza, iliyoanzisha utafiti wenyewe, ilisita kwa miaka 30 hadi ilipotangaza uamuzi kama huo mwaka 2021. Hoja kuu ya waliosita ilikuwa kwamba foliki nyingi huweza kuficha upungufu wa vitamini B12 kwa wazee.

Utambuzi na tiba

Kasoro nyingi huonekana kwa kipimo cha ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kiwango kikubwa cha protini ya AFP katika damu ya mama huashiria uwazi.

Mtoto mwenye kidonda mgongoni hulazwa kifudifudi au ubavu, kidonda hufunikwa kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, na upasuaji hufanywa ndani ya siku mbili au tatu kabla maambukizi hayajaingia. Upasuaji hufunga kidonda. Haurudishi neva zilizoharibika. Upasuaji wa mtoto akiwa bado tumboni ulithibitishwa mwaka 2011 katika utafiti wa Marekani: waliohitaji kuwekewa mrija wa kutoa majimaji kichwani ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 40, dhidi ya 82 ya waliopasuliwa baada ya kuzaliwa. Ni huduma ya hospitali chache sana duniani.

Kichwa kikubwa hutibiwa kwa shanti, mrija wenye vali unaotoa majimaji kichwani na kuyapeleka tumboni. Vali iliyofaa ilibuniwa Philadelphia mwaka 1956 na fundi John Holter kwa ajili ya mwanawe aliyezaliwa na mgongo wazi. Shanti huziba au huingia maambukizi, na mtoto aliye mbali na hospitali hupoteza maisha. Kwa sababu hiyo daktari Benjamin Warf, akiwa Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitumia kamera nyembamba ya upasuaji kufungua njia mpya ndani ya ubongo na kuchoma tishu zinazotengeneza majimaji. Njia hiyo ya Mbale sasa hutumika pia Marekani.

Mkojo hutolewa kwa mpira safi mara kadhaa kwa siku, utaratibu ulioanzishwa na Jack Lapides mwaka 1972, ambao umeokoa figo za wengi. Mzazi hujifunza kuufanya, na mtoto akikua hujifanyia mwenyewe.

Hali Afrika Mashariki

Huduma za upasuaji hupatikana katika hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Bugando, Kijabe na Mbale. Vyama vya wazazi vipo Tanzania, Kenya na Uganda, na sehemu ya kazi yao ni kupinga dhana ya kulogwa, inayochelewesha matibabu na kuvunja ndoa.

Kinga ya kliniki kwa kawaida huja kwa kuchelewa. Vidonge vya FEFO, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, huongeza damu ya mama, lakini wengi huvipata mwezi wa nne au zaidi, wakati mrija umefungika au umeshindwa kufungika miezi mitatu nyuma. Dozi ya miligramu 5 hudhoofisha pia SP, dawa ya kinga ya malaria kwa wajawazito, kwa hiyo vidonge vya kawaida vya kliniki huwa na dozi ndogo.

Tanzania ilitoa kanuni za kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2012. Unga wa ngano husagwa na viwanda vikubwa vichache na husimamiwa kwa urahisi. Unga wa mahindi kwa sehemu kubwa husagwa kwenye mashine ndogo za mitaani na vijijini, ambazo nyingi hazina kifaa cha kuchanganyia virutubishi. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zirutubishe vyakula ili kuzuia mgongo wazi na kasoro nyingine za mrija wa neva.